Mapango hai matatu ya Noeli: Tabora, Sikonge, Kigoma (23–29 Desemba 2024)

Simulizi hii imepangwa baada ya kurudi, kutoka daftari moja lililolowa pembe na picha za simu tatu. Msafara ulikuwa wa watu wanane: watu wazima watatu, bibi mmoja mwenye magoti yasiyopenda ngazi za basi, na watoto wanne, mdogo wao wa miaka minne. Tulikuwa tunafuata pango hai. Si lile la sanamu za plasta linalowekwa kando ya altare, ni lile lenye watu, wanyama na mtoto anayepumua.

Jambo moja lisemwe mapema, maana ratiba yote ilisimama juu yake: ukifika saa ya igizo, umeshakosa nusu. Igizo lenyewe ni dakika 25 hadi 40, na mtoto wa miaka minne aliye nyuma ya umati haoni kitu zaidi ya migongo. Kujenga banda, kuzoeza wanyama na kutafuta hori ni kazi ya kutwa nzima, iko wazi kwa yeyote, na hakuna anayemfukuza mtoto anayebeba nyasi. Mwisho wa safari tulijikuta tunalipima kila pango kwa hori lake.

Jumatatu, 23 Desemba. Tabora mjini

Mvua ilinyesha usiku kucha, ikaacha saa tatu. Bajaji mbili kutoka stendi hadi parokiani, 3,000 kila moja. Uwanjani, kando ya kanisa, vijana walikuwa wameshachimbia nguzo sita: za mbele mita 2.5, za nyuma mita 2, upana mita 4, kina mita 3. Paa liliinamia nyuma makusudi, mvua ikija maji yasimwagikie upande wa watazamaji.

Nyasi peke yake hazizuii mvua ya Desemba. Kwanza linafungwa turubai la mita 4 kwa 6, halafu nyasi zinapangwa juu kulificha. Kosa la kawaida ni kutolikaza. Maji hutuama katikati, turubai likafanya tumbo, tumbo likashuka. La hapa lilijaa mchana wakati mmoja wao akiwa chini yake anapigilia misumari, likamwagika lote mgongoni mwake. Baada ya hapo wakaongeza fito mbili za kati, nafasi ya mita moja na ushee baina yake, na tumbo halikurudi.

Shida kubwa zaidi ni nyasi za kulalia mtoto. Picha zote za Noeli zina nyasi kavu za rangi ya dhahabu, na Tabora Desemba hakuna nyasi kavu. Kila kitu ni kijani, na mabua ya msimu uliopita yamekwisha kuliwa au kuoza. Nyasi mbichi zina maji, zinawasha, na mbuzi huziona ni chakula. Mama mmoja wa parokia alionyesha namna yao: nyasi mbichi chini unene wa kiganja, juu yake gunia la katani lililokunjwa mara mbili, juu yake kanga mbili, ndipo mtoto. Ukitazama kwa mbele unaona nyasi zinaning'inia pembeni, na mtoto halali juu yake hata kidogo. Hori lenyewe lilikuwa sanduku la mbao la nyanya lililopigwa miguu. Lilifaa, ila lilibaki sanduku la nyanya.

Wanyama walikuja kwa mazoezi saa kumi: mbuzi jike wawili, kondoo mmoja, punda mmoja wa kubebea maji. Mbuzi huchukuliwa wawili kwa sababu akiwa peke yake hulia bila kukoma, na beberu haletwi kabisa, kwa harufu na kwa tabia. Punda alitembea vizuri kutoka lango hadi mwembeni, pale akasimama. Akavutwa, akasukumwa, akaahidiwa pumba, hakuna kitu. Mwenye punda akacheka, akasema, "Toeni hilo zulia." Walikuwa wametandika zulia jekundu kwenye njia ya Maria. Punda haweki kwato juu ya kitu asichokijua, hasa kinachobadilika rangi ghafla chini ya miguu yake. Zulia likaondolewa, akapita kama hajawahi kugoma.

Bibi aliuliza kwa nini punda yumo ilhali Injili hazimtaji. Ni kweli, Luka hamtaji punda wala ng'ombe, anataja hori tu. Wawili hao wanatoka Isaya 1:3, ng'ombe anayemjua bwana wake na punda anayejua hori la bwana wake. Fransisko wa Asizi alipoandaa pango lake Greccio, Italia, Noeli ya 1223, alileta ng'ombe, punda na hori lenye nyasi, Misa ikasomwa juu yake. Hapakuwa na mtu wa kuigiza Maria wala Yosefu. Kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, kisicho na waigizaji lakini kina ng'ombe na hori hakijapungukiwa na kitu.

*Kwa atakayekwenda:* ofisi ya parokia au katekista atakuambia siku ya mazoezi ukiuliza wiki moja kabla. Uliza "mazoezi ya wanyama", si "igizo", maana ya maneno hufanyika mara nyingi na ya wanyama mara moja tu.

Jumanne, 24 Desemba. Mkesha

Igizo saa 1:15 usiku, Misa saa 3:00. Hawalichanganyi na Misa. Linakwisha, watu wanaingia kanisani, na huo ndio utaratibu tuliousikia kila tulipouliza kwa Wakatoliki. Tabora jua huzama kama saa moja kamili wakati huu wa mwaka, kwa hiyo taa zinahitajika tangu mwanzo.

Saa kumi na mbili ikapita mvua fupi. Aliyewahi kuishi Tabora ameshajua kinachofuata. Nyota ya Bethlehemu ilikuwa taa kubwa nyeupe iliyofungwa kwenye tawi la mwembe, juu kabisa ya banda. Ilipowashwa tu, kumbikumbi wakaja. Dakika ya tano walikuwa wanamwagika kama pumba: kichwani mwa Yosefu, ndani ya hori, kwenye ushungi wa Maria, wengine wanakatika mbawa na kutambaa juu ya kanga. Mbuzi wakaanza kupiga chafya. Malaika wawili wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, waliacha mstari, wakakunja kanzu zao nyeupe mbele kama vikapu, wakaokota.

Mzee wa sakristia alizima nyota. Akawasha taa nyingine nyuma ya ukumbi, umbali wa hatua hamsini, na chini yake akaweka beseni la maji. Dakika kumi za giza, mbele ya banda zikaletwa chemli tatu, igizo likaendelea kwa mwanga huo. Lilipendeza kuliko lingekuwa na ile taa. Funzo la fundi: Desemba, nyota iwe na mwanga wa njano na hafifu, na taa kali ya kuwapoteza wadudu iwe tayari mahali pengine tangu mwanzo. Chemli zikae juu ya mawe au matofali, mita mbili kutoka kwenye nyasi, na ndoo ya mchanga karibu.

Mtoto alikuwa wa miezi mitatu, Maria msichana wa kidato cha pili. Hawakujuana. Mtoto alilia tangu alipotolewa mgongoni mwa mama yake mpaka mama huyo alipoingizwa nyuma ya banda, akapitisha mkono katikati ya fito na kumshika mguu. Hapo akanyamaza. Picha bora tuliyonayo ya Tabora ni ya mkono huo.

Mamajusi walifika usiku huo huo, watatu. Mathayo hasemi idadi, na anasema walimkuta mtoto nyumbani, si horini. Parokia haikujali, na watoto wetu hawakujali.

Jumatano, 25 Desemba. Njia ya Sikonge

Siku ya Noeli usafiri unapatikana asubuhi, ukichelewa saa nne umekwama. Kosta ya saa moja, 5,000 kwa mtu mzima, watoto wawili walipakatwa bure. Lami ni nzuri hadi Sikonge. Kutoka hapo ni kilomita 14 za udongo kwa bodaboda, 7,000 kila moja, nne.

Hapa pana mambo mawili ya kujua. Udongo wa mbugani ukilowa hunata, hujaa kati ya tairi na madigadi hadi tairi linakataa kuzunguka. Madereva wazoefu wameshaitoa madigadi ya mbele, kwa hiyo ukiona boda haina, huyo ndiye wa kupanda, ila jiandae kupakwa tope mpaka kidevuni. La pili, beba viatu vya vidole kwenye mfuko na uvae mabuti ya mvua njiani.

Kilomita mbili za mwisho boda ya bibi haikupita. Mzee mmoja aliyekuwa anarudi na mkokoteni wa ng'ombe akasimama.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba."

Salamu hiyo ilitosha. Bibi akapandishwa, na watoto wote wanne bila kualikwa. Hela alikataa kabisa, akakubali sukari kilo moja "ya wajukuu".

Ushirika huu ni wa Kimoravian, na igizo ni la Shule ya Jumapili. Lilipangwa saa tisa alasiri, na saa hiyo ilitupa mashaka mpaka tulipoliona hori. Lilikuwa nusu ya mzinga wa gogo. Sikonge ni nchi ya asali. Mzinga wa zamani hupasuliwa kwa urefu, ukachongwa ndani, nusu mbili zikafungwa pamoja na kutundikwa mtini. Huu ulikuwa umestaafu. Urefu kama mita moja na robo, mdomo wa sentimita arobaini hivi, ndani mweusi na laini kama umepakwa mafuta. Walipigilia miguu miwili ya panda kila upande, na ulikaa kama ulizaliwa kwa kazi hiyo.

Hatari yake ni nta. Mzinga wa zamani una harufu inayoita nyuki, na nyuki wanaruka mchana. Mwenye mzinga alitueleza alivyofanya: siku nne kabla alikwangua ndani kwa panga butu, akamwaga maji yanayochemka mara tatu, akasugua kwa jivu, akauacha juani siku mbili. Nusu ya pili, aliyokusudia iwe kiti cha Maria, hakuiosha vizuri. Saa nane nyuki kumi na watano hivi walikuwa wanaizunguka, ikabidi ipelekwe mbali nyuma ya shamba, nao wakaifuata. Kwa sisimizi, miguu minne ya hori ilisimamishwa kwenye makopo ya maziwa yenye maji nusu. Makopo yalifunikwa kwa nyasi, hayakuonekana.

Wanyama hapa walikuwa maksai wawili wa plau. Hawa ndio wanyama bora kwa pango, na tungemshauri yeyote awatafute kabla ya kufikiria ng'ombe mwingine. Wamezoea kamba, kelele na watu wa pande zote, na Desemba ni wakati wa kulima, kwa hiyo ikifika alasiri wamechoka na wametulia. Ng'ombe mwenye ndama hafai: ukimwacha ndama anaroroma, ukimleta ndama anavuruga.

Ng'ombe hunya mara kumi na zaidi kwa siku na hakuna njia ya kuzuia. Unaweza kupanga tu. Walinyweshwa saa sita, wakala hadi saa saba, halafu basi. Nyuma yao pakatandazwa maranda ya mbao, na kijana mmoja mwenye koleo alivikwa shuka ili aonekane mchungaji. Alifanya kazi mara mbili, watazamaji hawakushtuka.

La kuwafanya waelekeze vichwa horini ni chumvi. Mvulana anayewachunga, umri kama miaka kumi na miwili, alificha konzi moja ya chumvi ya mawe chini ya nyasi, upande wa miguuni mwa mtoto. Maksai waliinamisha vichwa wakaanza kulamba polepole, pumzi zao zinatikisa kanga, na hawakuinua macho robo saa nzima. Konzi moja kwa wawili inatosha. Ukizidisha wanapata kiu katikati ya igizo na wanaanza kutafuta maji. Fimbo hairuhusiwi karibu na hori. Mvulana alisimama begani mwa maksai wa kushoto, mkono juu ya nundu, akiongea naye kwa sauti ya chini.

Maneno yalikuwa Luka 2, aya ya 1 hadi 20, watoto ishirini, kila mmoja aya yake kwa kichwa. Wa saba akasahau. Akasimama, vidole mdomoni, mwalimu akamnong'oneza, hakusikia. Ndipo kina mama wa mbele wakaanza, na uwanja mzima ukaisema aya hiyo pamoja, akamlaza katika hori, hadi nafasi iliyokosekana katika nyumba ya wageni. Mtoto naye akamalizia maneno mawili ya mwisho kwa nguvu, kama vile yote yalikuwa yake.

Mtoto wetu wa miaka sita alikuwa na malalamiko. Msomaji alisema wachungaji walikwenda kwa haraka, na mchungaji wa ushirika alibaki ameketi kwenye kiti chake.

Maria wa hapa alikuwa mama halisi wa mtoto, Yosefu baba yake halisi. Mtoto alinyonya dakika kumi kabla, akalala mwanzo hadi mwisho. Ukiandaa lako, fanya hivi tu. Mambo ya kumtafuta msichana mwenye sura ya Maria yanaishia kwenye kilio.

Chakula: wali, kuku wa kienyeji, uyoga uliopikwa kwa karanga, na maembe kwenye ndoo. Hakukuwa na bei, kulikuwa na kapu la sadaka. Tuliweka 40,000 kwa watu wanane na hakuna aliyehesabu.

*Kwa atakayekwenda:* picha za watoto wa watu uombe kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili kabla igizo halijaanza, naye atatangaza. Mmweko wa kamera uzimwe. Maksai wanaustahimili mmoja, hawastahimili simu thelathini.

Alhamisi, 26 Desemba

Kurudi Tabora, kufua tope, kununua tiketi. Watoto walimalizia kumbikumbi waliokaangwa na chumvi.

Ijumaa, 27 Desemba. Tabora hadi Kigoma

Basi saa kumi na mbili asubuhi. Siku za sikukuu tiketi inunuliwe siku mbili kabla; tulizipata za viti vya nyuma kabisa, juu ya tairi, na kila shimo tulilijua kwa jina. Urambo tulisimama robo saa. Hapa ndipo Wamoravian walipopokea misheni kutoka kwa London Missionary Society mwaka 1898, na bibi, ambaye ni Mkatoliki wa kutupwa, alikubali kwamba juzi yake walikuwa wametushinda.

Kaliua, Nguruka, daraja la Malagarasi. Baada ya hapo palikuwa na kipande kilichokuwa bado kinajengwa, mvua ilikuwa imekilainisha, na lori lililolala upande lilitushikilia saa mbili na nusu. Abiria mmoja aliyeshukia karibu alirudi na sufuria ya mihogo ya kuchemsha na akaigawa dirisha kwa dirisha, watoto kwanza.

Uvinza tulinunua chumvi, kilo mbili, kwa sababu moja tu: ng'ombe wa kesho. Chumvi ya hapa inatokana na chemchemi za maji chumvi na imeuzwa mbali tangu kabla ya reli kufika. Kondakta alitaka kujua ni ya nini. Alipoambiwa ni ya pango la Noeli alifikiri tunamtania.

Tuliingia Kigoma saa moja usiku na bado kulikuwa na mwanga. Jua huzama huku karibu robo saa baada ya Tabora, na zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Anayepanga taa za igizo kwa saa ya Dar anajisumbua. Nyumba ya wageni 25,000 chumba, ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka wa kukaanga 6,000 sahani.

Jumamosi, 28 Desemba. Kando ya ziwa

Leo ni sikukuu ya Watoto Mashahidi, na kigango hiki cha wavuvi hufanya pango lao siku hii badala ya mkesha. Sababu ni ya kazi. Mwezi ulikuwa unakwisha, na usiku wa giza ndio wa dagaa. Mkesha nusu ya wanaume wako majini. Kwa hiyo igizo huanza saa kumi jioni, likwishe mitumbwi haijaondoka.

Tulifika saa mbili asubuhi. Mchanga ndio adui wa kwanza. Nguzo iliyochimbiwa sentimita thelathini, kama inavyotosha Tabora, hapa inaanguka kwa kusukumwa na mtoto. Walichimba sentimita sitini hadi sabini, wakashindilia mawe, kisha kila nguzo ikafungwa kamba kwenye kiroba cha mchanga kilichofukiwa upande wa ziwani, kwa kuwa mchana upepo hutoka majini. Paa lilikuwa makuti ya michikichi, safu tatu zinazolaliana. Taa za moto zilikatazwa kwa ajili ya huo upepo. Nyota ilikuwa taa ya betri ya mtumbwi wa dagaa, iliyovalishwa karatasi ya njano. Tuliposimulia kumbikumbi wa Tabora wakacheka: huku taa hiyo inavuta dagaa.

Mamajusi walikosa mavazi. Katekista, ambaye wote wanamwita Mwalimu, alituomba tufuatane na vijana hadi Ujiji, bodaboda 2,000. Tukafika kwa mzee mmoja Mwislamu, jirani wa zamani wa familia yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmefuata kanzu." Alikuwa ameshaziweka tayari kwenye kiti: kanzu tatu, joho moja jeusi lenye uzi wa dhahabu, kofia tatu za kushona kwa mkono.

"Na zamu hii mchukue ubani wa kweli," akasema. "Mwaka jana mlibeba kopo tupu, nililiona."

Uvumba wa mamajusi ni huo huo ubani unaouzwa maduka ya Ujiji kwa ajili ya maulidi. Pakiti ndogo 2,000, chetezo na mkaa akaazima. Manemane nayo ipo kwa wauza dawa za asili. Akauliza banda limeezekwa kwa nini. Tukajibu makuti ya michikichi. "Mmekaribia," akasema. Katika Sura ya 19 ya Kurani, aya ya 23 hadi 25, Maryam anajifungulia kwenye shina la mtende, na tende zinamwangukia. "Mkipata hata kuti moja la mtende muweke. Na kanzu msizifue, mke wangu ana namna yake."

Kuti la mtende halikupatikana.

Ng'ombe alikuwa mtamba kutoka vilima vya juu, wa zile pembe ndefu za Kigoma. Pembe zilikuwa pana kuliko mlango wa banda. Hilo lilijulikana saa tisa na nusu, ng'ombe amefika na nguzo zimeshashindiliwa. Walimwacha nje, mwili upande wa ziwa, kichwa kikaingia ubavuni ambako makuti yalikatwa dirisha. Chumvi ya Uvinza ikafanya kazi yake: aliingiza kichwa mwenyewe. Ukiwa Buha, nchi ya Waha, pima pembe kabla ya kupima banda.

Hori lilikuwa mtumbwi mdogo wa mchongo, wa kuvulia kwa mshipi, uliopandishwa juu ya magogo mawili. Ndani palikuwa bado na kata ya kutolea maji, na nyasi zilipangwa kuizunguka. Mtoto wa wiki sita alilazwa humo dakika tano tu, mwishoni. Kabla yake palikuwa na furushi la kanga. Hiyo ni busara, maana umri huo hautaki upepo wala mbu, na mbu wa ufukweni huamka jua linapoinama. Mtumbwi unayumba kidogo juu ya magogo, na mama yake aliuyumbisha kwa goti bila kufikiri.

Kosa la siku lilikuwa spika. Iliwekwa mita mbili kutoka kwa mtamba, maiki ikapiga yowe, naye akachomoa kichwa na pembe zikaondoka na kipande cha ukuta. Ikahamishwa upande wa pili, hatua ishirini, ikaelekezwa kwa watu. Ukuta haukurekebishwa, na kwa bahati njema ulifungua mandhari: nyuma ya Maria na Yosefu sasa kulikuwa na ziwa na milima ya Kongo.

Chetezo kilipowashwa harufu ya ubani ilifika hadi kwa wanaotengeneza nyavu, nao wakaja.

*Kwa atakayekwenda:* sadaka yenye maana kwa kigango kama hiki ni turubai, kamba au mafuta ya jenereta. Ukileta pipi za watoto, mpe Mwalimu azigawe baada ya igizo. Tuliziona zikigawiwa kabla: mbuzi walikula karatasi.

Jumapili, 29 Desemba

Ilikuwa Jumapili ya Familia Takatifu, na siku hiyo makanisa makuu ya majimbo Katoliki duniani yalifungua mwaka wa Jubilei 2025. Bodaboda za kuelekea mjini zilipanda bei, kwa hiyo tulisali kigangoni.

Baada ya ibada banda lilibomolewa kwa muda usiofika saa moja. Makuti yalikwenda kwenye banda la kuku la mtu, viroba vya mchanga vilimwagwa palepale, kanzu zilikunjwa bila kufuliwa na kupelekwa Ujiji. Chumvi iliyobaki, kama robo tatu kilo, alipewa mwenye mtamba.

Mtumbwi ulibebwa na wanaume wanne hadi ukingoni. Mwenyewe aliukagua upande kwa upande, akapitisha kidole kwenye mshono wa lami pale ulipowahi kupasuka, akazoa nyasi zilizobaki kwa ile kata na kuwatupia mbuzi. Mtoto wetu mdogo alimuuliza kama mtoto Yesu atahitaji tena. Akamwambia aje mwakani aulize. Saa kumi na moja jioni alikuwa ameshaingia majini, ameketi palepale nyasi zilipokuwa, anatoa maji.